Mfunua Sufuria wa Vingunguti

Mama mwenye nyumba wetu wa Vingunguti alikuwa na tabia ambayo kwenye nyumba nyingine ingezua ngumi: alikuwa akifunua sufuria za watu. Haombi ruhusa wala hapigi hodi. Jioni majiko yakishawashwa uwani, kila moja mbele ya mlango wa mwenyewe, yeye hutoka chumbani na kanga zake mbili na miwani iliyofungwa uzi wa cherehani, akaanza mzunguko. Akifika kwako anashika kifuniko kwa ncha ya kanga, anachungulia, anavuta harufu, kisha anatoa hukumu nyumba nzima isikie.

"Mchicha huu mmeupika mpaka umesahau kwao."

"Nani kakufundisha kutia bamia kwenye dagaa?"

"Leo kwa fundi kuna nyama! Fundi, umemkaba nani?"

Mimi nilihamia pale nikitokea Tabora, binti wa kanisani, karani wa kampuni ya kutoa mizigo kule uwanja wa ndege. Siku ya kwanza alipofunua sufuria yangu nilikasirika kwelikweli. Kwetu hata mama mkwe hafanyi hivyo. Nikamwambia kwa adabu yote niliyokuwa nayo, "Shikamoo mama, hicho ni chakula changu."

"Marahaba. Nimekiona. Wewe Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

"Basi wewe mtani wangu, huna la kuniambia. Na maharage yako bado."

Yalikuwa bado, kweli. Nikayarudishia maji nikiwa nimenuna.

Alizaliwa wapi na nani, sikujua, na baada ya muda niliacha kuuliza maana majibu yake yalibadilika. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa treni, siku nyingine mpishi wa meli, na siku akiamka vibaya alikuwa mvivu tu, Mungu amrehemu. Alikuwa mrefu, mwembamba, magoti yamemchosha, anatembea kwa kuegemea ukuta wa korido kiasi kwamba rangi ya pale ilikuwa imelika kwenye mstari wa kiganja chake. Sauti yake ilitosha kumwita mtu aliyeko machinjioni. Ndege zinazokwenda kutua zilipita juu ya bati letu, na sisi wote tulikuwa tukinyamaza mpaka zipite. Yeye hakunyamaza. Ndiyo maana hadithi zake nyingi nazijua mwanzo na mwisho tu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili ya kawaida, vyumba huku na huku, korido katikati, nyuma uwa wenye bomba, kamba za nguo na choo. Lakini ilikaa mahali pa kutamanika, karibu na barabara kubwa, na jirani zetu walikuwa wakiuza mmoja baada ya mwingine. Leo unapita kwenye nyumba ya mtu unayemjua, mwezi ujao pana ukuta wa mabati na malori ya mchanga. Kwa hiyo miaka yote niliyokaa pale swali lilikuwa moja, na tulilikumbuka kila tulipoona gari lisilo la kawaida limesimama mbele: mama atauza au hatauza? Akiuza, yeye atakwenda wapi, na sisi je? Maana chumba kingine cha bei ile kilikuwa Chanika huko au Kivule, na fundi seremala, muuza utumbo na wengine wote riziki yao ilikuwa pale pale, mwendo wa miguu.

Usidhani alikuwa malaika. Kwenye umeme alikuwa mkali kuliko askari wa gereza la Ukonga. Mita ya Luku ilikuwa moja kwa nyumba nzima, tunachangia, na yeye alijua kwa sikio kila kifaa kinachokula umeme. Ukichomeka hita ya maji ya kuoga, kabla maji hayajaanza kulia ameshafika mlangoni. Jumapili asubuhi nikipiga pasi gauni la kanisani alikuwa akizima swichi kuu.

"Mama! Nachelewa ibada!"

"Mungu wenu hapokei mikunjo?"

Halafu anakuja mwenyewe na pasi ya mkaa, makaa yameshakolea, ananipigia lile gauni kwa ustadi mpaka naogopa kukaa. Friji pekee la nyumba lilikuwa la kwake na lilinguruma mchana kutwa. Ukimwuliza kuhusu hilo alisema friji lake limezeeka, halili sana.

Tena alipenda mali. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari za mama kama huyu humvika kilemba cha utakatifu. Alisimama barazani kutazama magari mapya yakipita na kuyasifia moja moja. Alipenda vigae, mapazia mazito, dhahabu, harusi za ukumbini. "Mie sipendi umaskini hata kidogo," alikuwa akisema, "na anayeusifu mleteni nimpe chumba kile cha karibu na choo, alale wakati wa masika, asubuhi atuimbie."

Sasa nieleze jinsi nilivyokuja kuuelewa ule mzunguko wake.

Kampuni yetu ilileta mfumo mpya wa kompyuta, na kazi ya ofisi nzima ikaanza kufanywa na kijana mmoja na kiyoyozi. Tulishikwa mikono, tukaambiwa ahsanteni. Sikumwambia mtu. Niliendelea kuvaa na kutoka kila asubuhi, nikizunguka Kipawa na kwingineko kuuliza kazi, na jioni narudi na mkoba wangu kama mtu aliyetoka ofisini. Shida ilikuwa jiko. Usipowasha jiko kwenye uwa ule, nyumba nzima imejua. Kwa hiyo nikabuni mbinu. Nakaanga kitunguu kimoja kwa mafuta kidogo, harufu ikishaenea uwani natia maji, nafunika, nakaa mbele yake na kusubiri chakula ambacho hakipo. Watu wakishaingia ndani, nakunywa yale maji na kulala.

Jioni moja akaja. Nilijisogeza ili nizuie jiko kwa magoti, akanizunguka. Akafunua. Kitunguu kilikuwa kinaelea peke yake humo ndani. Akakitazama, akanitazama mimi, na mimi nikatazama chini nikitamani ndege ipite wakati ule ule. Kisha akarudisha kifuniko taratibu na kupaza sauti.

"Mtani kapika kongoro leo! Asimsogelee mtu, hilo haliivi mpaka kesho!"

Watu wakacheka. Zuhura wa chumba cha mwisho, mke wa Shabani wa bajaji, akasema, "Dada wa Tabora anajipenda huyo!" Nikacheka nao.

Walipoingia ndani akaniletea bakuli. "Hebu onja mchuzi wangu, naona nimezidisha nazi." Lilikuwa bakuli la kushibisha watu wawili, na wali chini yake. Nililia nikiwa na kijiko mdomoni, sioni sababu ya kulificha. Kesho yake akaja tena: anadhani pilipili imezidi. Keshokutwa, hana hakika na chumvi. Kwa muda wote niliokaa bila kazi, mama mwenye nyumba wetu alikuwa mpishi mbaya kuliko wote Dar es Salaam, na hakuna siku aliyoniuliza kulikoni kazini.

Ndipo nilipoanza kuutazama ule mzunguko kwa jicho lingine. Niliona kwamba kwenye sufuria iliyojaa hakukaa, alirusha neno lake la utani akapita. Aliyekuwa akimtafuta ni yule ambaye jiko lake limechelewa kuwaka, au ambaye kifuniko kinacheza kwa mvuke lakini hakuna harufu. Kwa huyo alipunguza mwendo. Na maneno yote yale ya kejeli kwa wenye nyama yalikuwa na kazi yake, maana uwa mzima ukiwa unacheka hakuna anayeona bakuli limeelekea wapi.

Kuna mwaka walikuja vijana wenye vishikwambi na fulana za kufanana, wakasema wanatafiti hali ya maisha ya kaya. Uvumi ulikuwa umewatangulia, na ulikuwa wa aina mbili. Upande wa kushoto wa korido waliambiwa msaada unakuja kwa wasio nacho. Upande wa kulia waliambiwa benki inatafuta watu wa kuwakopesha. Basi kushoto wakaficha, kulia wakaonyesha. Luninga ya fundi seremala, mtu wa kushoto, ilikimbizwa kwa Zuhura, mtu wa kulia, akaiweka mezani na kitambaa cha kufuma juu yake. Kijana alipomaliza kwa Zuhura na kugeukia mlango unaofuata, Zuhura akamwonea huruma jirani yake, akampitishia luninga ile ile dirishani. Kijana akaikuta, kitambaa bado kipo juu. Akaitazama kwa muda, akatazama kishikwambi, akaiandika tena. Nadhani mahali fulani kuna taarifa inayosema Vingunguti wanapenda sana luninga za aina moja zilizopasuka kona.

Kwa mama mwenye nyumba walikaa barazani.

"Mama, kaya yako ina watu wangapi?"

"Kaya ndiyo nini?"

"Ni watu wanaokula pamoja, wenye chungu kimoja."

Akageuka kutazama ndani, midomo ikihesabu kimya kimya. "Andika ishirini na ushee."

"Si umesema hawa ni wapangaji wako?"

"Umeniuliza wanaokula au wanaolipa?"

Kijana akakuna kichwa. Akajaribu kumweleza, akaelezwa yeye. Mwishowe akaandika mtu mmoja, mjane, anayeishi peke yake. Mama aliposikia hivyo alikasirika mpaka jioni. "Kaniandika mpweke! Mie, na mdomo huu!"

Kilichokuja kumshinda ni gesi. Ile mitungi midogo ilipoanza kuingia, vijana waliipokea kwa furaha na walikuwa na haki. Mkaa umepanda, moshi unaumiza macho, na gesi unapikia ndani huku unatazama tamthilia. Mwanawe mkubwa alimletea mama mtungi mkubwa na jiko la kuwasha kwa kubonyeza. Akaupokea, akashukuru, akauvika kitambaa na kuweka redio juu yake. Zuhura na Shabani wao wakahamia kupika ndani, mlango umefungwa.

"Zuhura," mama akamwita mbele ya watu, "unapika nini huko kisichotaka jua?"

"Mama, na sie tuna siri zetu jamani. Wenzetu Kinyerezi wanapika ndani na hakuna wa kuwafunulia."

"Mie nakufunulia kwa ubaya?"

"Sijasema kwa ubaya. Ila mtu unataka ule bila kutangazwa."

Zuhura alikuwa na hoja, na sote tulijua anayo, hata mama mwenyewe. Alinung'unika siku kadhaa kisha akaacha. Vyumba vingine navyo vikafuata. Uwa ukawa safi, bila majivu, na yeye jioni akitoka kwa mzunguko wake alikuta majiko machache tu ya wazee kama muuza utumbo. Anazunguka upesi, anarudi, anakaa kwenye kigoda chake akisikiliza milango.

Halafu tajiri wa Shabani akamnyang'anya bajaji akaiuza. Shabani akawa anatoka alfajiri kutafuta vibarua, na Zuhura, ambaye wakati huo alikuwa na mimba, alifunga mlango wake kila jioni kwa wakati ule ule wa kupika. Tulimsikia akigongagonga mwiko kwenye sufuria. Mpaka siku alipoanguka pale bombani akiwa na ndoo, na nesi wa zahanati akatuambia kwa kukaripia kwamba huyu binti hana ugonjwa, huyu binti hajala.

Sijawahi kumwona mama mwenye nyumba katika hali ile, si kabla wala baadaye. "Ndani ya nyumba yangu," akawa anarudia. "Ukuta na ukuta. Mie nakoroga uji wangu hapa, na mtoto wa mtu yuko pale anagonga sufuria tupu." Zuhura alipona, na mtoto alizaliwa na mapafu ya kushindana na ndege. Lakini siku aliyotoka zahanati mama alisimama katikati ya uwa na kutangaza kwamba gesi, mkaa, kuni, hata mtu akipikia jua, kila jiko litakaa nje. Hakuna aliyembishia. Shabani ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba mtungi wake na kuutoa.

Basi ukielewa hayo utaelewa kwa nini tuliogopa sana aliposikika mnunuzi. Alikuwa jirani, Bwana Hasanaini, mfanyabiashara wa vipuri, familia yake ya Kihindi ina ghala upande wa pili wa barabara tangu enzi za baba yake. Yeye na mama walikuwa wakitaniana miaka. Muharram ikifika alimletea sufuria la chakula, na mama alilifunua mbele yake na kukosoa viungo. Bwana Hasanaini alikuwa akija na nia ya kununua, anakaribishwa kigoda na chai, wanaongea habari za magoti, anaondoka bila jibu.

"Mama, mie nakaribia kuzeeka nakusubiri wewe."

"Zeeka tu. Utanikuta."

Mwanawe naye alikuwa akija Jumapili na gari jeupe. Alikuwa meneja wa kampuni fulani ya bima, amejenga Bunju, kule mwisho wa Kinondoni. Tungependa kusema alikuwa mtoto mbaya, ingeturahisishia, lakini hakuwa. Alimpenda mama yake. Alikaa naye barazani akamwambia, "Mama, hicho choo cha kuchuchumaa na magoti hayo, mpaka lini? Kule kuna chumba chako, kila kitu ndani kwa ndani." Wakati huo mimi nilishapata kazi nyingine na kuhamia Kinyerezi, lakini nilikuwa nikirudi Vingunguti kila nilipopata nafasi, na niliungana na wapangaji kumsihi mama asiuze. Tukamwambia nyumba hii bila yeye si nyumba. Tukamwambia watu kama yeye hawapo tena mjini. Alitusikiliza wote mpaka mwisho bila kutukatiza hata mara moja, jambo ambalo lingetustua kama tungekuwa na akili.

Aliuza.

Watu walinuna. Muuza utumbo hakumsalimia. Mimi mwenyewe nilikaa Kinyerezi nikajisemea kwamba na yeye kumbe ni wale wale, siku zikifika kila mtu huangalia tumbo lake. Lakini kwa Bwana Hasanaini alikuwa ameweka masharti. Moja, wapangaji wakae mpaka masika yaishe, na miezi hiyo mama mwenyewe hatatoza kodi, kila mtu ajipange. La pili lilimfanya Bwana Hasanaini acheke mpaka akavua miwani: anachouza ni kiwanja. Nyumba iliyosimama juu yake si yake mnunuzi.

"Mama, nyumba utaipeleka wapi?"

"Utaona."

Siku ya kuondoka nilikwenda. Fundi seremala alikuwa juu ya paa anang'oa misumari. Kila mpangaji alipewa mlango wa chumba chake, dirisha lake na nondo zake, na bati lililokuwa juu ya kichwa chake, akaanzie kwake popote atakapopata. Magari madogo ya kubebea mizigo, yale ya kirikuu, yalipanga foleni. Mlango wa Zuhura ulipita mbele yangu ukiwa umelazwa juu ya godoro, kufuli bado linaning'inia, na Shabani kaushika kwa mikono miwili wasije wakaupoteza njiani. Mama alikuwa amekaa barazani akiamuru. "Hiyo bawaba ya fundi, si ya muuza utumbo! Muuza utumbo, ndiyo, hata ukininunia, chukua bati lako!" Muuza utumbo akalichukua, na akamwamkia.

Nilikaa muda mrefu bila kumwona tena. Bunju ni mbali, na ukweli mwingine ni kwamba niliogopa. Nilijua nitakachokikuta: mama wa uwani amefungiwa nyuma ya ukuta mrefu, anatazama luninga, amekonda, hana wa kumfunulia. Mwaka huu, Jumamosi moja, nikanunua machungwa na kwenda, maneno ya kumpa pole nimeyapanga njia nzima.

Getini nilipokelewa na mlinzi, mzee wa rika la mama, amevaa viatu vizito vya askari. Ndani, mama sikumtambua mara moja. Alikuwa amenenepa. Ngozi imeng'aa, miwani mipya, dera la maua makubwa, miguu juu ya kigoda cha ngozi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mtani! Mbona umevaa uso wa msibani?"

Nikajaribu kusema nilichokipanga, kwamba tunamkumbuka, kwamba najua haikuwa rahisi kuacha maisha yale. Hakuniacha nimalize.

"Maisha yapi? Ya kuchuchumaa? Sikiliza. Mlikuja wote kuniomba nisiuze, mmoja mmoja, wengine na machozi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, mama, wewe unataka nini? Mie magoti yalikuwa yananiua. Nilikuwa nafunua sufuria zenu kwa sababu mlikuwa na njaa. Mlidhani napenda moshi?"

Halafu akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na lile pole langu likaishia hapo. Akanitembeza nyumba nzima akijivunia vigae. Akanionyesha bafu lake, akafungua maji ya moto makusudi niyaone yakitoka. Alikuwa na furaha, na nilifurahi kuwa nilikuwa nimekosea.

Chakula cha mchana kiliandaliwa kwenye meza ya kioo: wali, kuku wa nazi, kachumbari. Nikavuta kiti. Mama hakugusa sahani.

"Happy!" akaita. Akatoka jikoni binti wa kazi, amejifuta mikono. "Na mzee wa getini yuko wapi?"

"Anakuja, bibi. Anavua viatu."

Mama akaniinamia. "Nilipofika hapa, mtani, chakula kilikuwa kingi, sijaona mfano wake. Lakini huyu binti alikuwa anakula jikoni, kwenye stuli, mchuzi bila nyama. Na yule baba kule getini analetewa ugali umeshapoa. Nyumba moja, jiko moja, chungu kimoja. Nikamwuliza mkwe wangu, akasema ndivyo watu wanavyoishi huku."

"Ukafanyaje?"

"Nilikataa kula mpaka wakae nami mezani. Kwanza walidhani naumwa."

Mzee wa getini akaingia bila viatu, soksi moja imetoboka, akasimama karibu na ukuta akiangalia kioo cha meza kwa wasiwasi. "Mama, mie leo nikae kule kule tu. Una mgeni."

"Huyo si mgeni, huyo ni mtani. Kaa."

Akakaa kwenye kiti cha kichwani mwa meza kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi. Happy akakaa kando yangu. Tulikuwa tumeshaanza kupakua tuliposikia gari, na mlango ukafunguliwa. Alikuwa mwanawe, katoka kazini mapema, tai imelegea, funguo mkononi. Akatazama meza. Akatazama kiti chake na aliyekikalia. Mzee wa getini akaanza kuinuka kwa haraka mpaka uma ukaanguka.

"Kaa, baba, hujamaliza," mama akasema. Kisha bila kumgeukia mwanawe, "Nawa. Kuku ataisha."

Bosi yule alisimama pale mlangoni. Sikujua kama atacheka au atatoka, na mikono ya mama, niliiona, ilikuwa imeshika ukingo wa meza kwa nguvu. Kisha akaweka funguo chini, akaenda kunawa. Vilipokosekana viti akaingia jikoni, akatoka na stuli ya Happy, akaiweka kwenye kona ya meza na kuikalia, magoti yamepanda juu, kichwa chake chini ya kichwa cha mlinzi wake.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Yule mzee akamwangalia kwanza, kama mtu anayehakikisha ni yeye anayesemeshwa.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, na kumsogezea bakuli la nyama.